Milango mipya ya makabati ya jikoni Mombasa: vanishi ya mafuta, vanishi ya maji, laka ya NC au mafuta ya kitani?

Mlango wa kabati la chini ya sinki ndio unaoharibika kabla ya yote, na huanzia ukingo wa chini, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni. Chuchumaa uutazame kwa chini. Pale nguzo mbili za fremu zinapoishia, kichwa cha ubao kiko wazi, na vinyweleo vyake vimekaa kama mirija midogo iliyoelekezwa chini. Tone la maji ya vyombo huteremka usoni mwa mlango, hung'ang'ania ukingo huo, kisha hunyonywa juu. Baada ya miezi ubao unageuka mweusi, vanishi inainuka kama ganda la kitunguu, na lawama inaenda kwa kopo. Mara nyingi kopo halina kosa. Mlango ulipakwa ukiwa umekwisha kufungwa kwenye bawaba, na brashi haikufika chini.

Kwa hiyo unapochagua cha kupaka, swali la kwanza si mng'ao. Unachagua kinga dhidi ya maji, mvuke wa chungu na mafuta ya kukaangia, tena katika mji ambao hewa yake yenyewe ni mbichi. Muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida hupimwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi. Mombasa unyevu hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na alfajiri hupanda zaidi. Kila kopo utakalonunua Mwembe Tayari au Kongowea lisome ukijua hivyo.

Tuseme uamuzi wetu mapema ili usome ukiwa na dira. Ukiwa unafanya kazi mwenyewe nyumbani, huna kompresa ya kunyunyizia rangi, na milango ni ya mbao halisi, chukua steni (rangi ya kutia mbao kabla ya vanishi) ya mafuta, kisha tabaka tatu za vanishi ya poliurethani ya mafuta. Laka ya NC, yaani ya nitroselulosi, ni ya mwenye fundi, bunduki ya rangi na hali ya hewa kavu. Vanishi ya maji ni ya anayeishi ghorofani asiyeweza kuvumilia harufu, au anayetaka mbao ibaki nyeupe. Mafuta ya kitani, yale ya mbegu za kitani, yana uzuri wake, lakini jikoni hatuyapendekezi isipokuwa kwa mtu aliye tayari kuyarudia angalau kila mwaka.

Mbao gani uliyo nayo

Mvule na msaji ni mbao zenye mafuta yake ya asili. Mafuta hayo huchelewesha vanishi ya mafuta kukauka na wakati mwingine huizuia isishike. Dawa ni kufuta uso kwa kitambaa safi chenye thina ya NC mara tu baada ya msasa wa mwisho, kuacha nusu saa, kisha kupaka siku hiyo hiyo. Ukiacha wiki nzima, mafuta yanapanda tena juu na kazi ya kufuta imepotea.

Mkangazi hauna matatizo mengi. Vinyweleo vyake ni vikubwa, kwa hiyo uso ulio laini kama kioo utahitaji kujazwa. Ukipenda kuona nyuzi, uache ulivyo.

Sayprasi na paini ndizo zinazowasumbua watu wengi, kwa sababu ni za bei nafuu na hunyonya steni kwa mabaka: hapa nyeusi, pale hafifu, kama nguo iliyofuliwa vibaya. Kabla ya steni paka tabaka jepesi la vanishi ile ile ya mafuta, sehemu 1 ya vanishi kwa sehemu 4 za tapentaini, acha usiku kucha, kisha pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi. Steni haitaingia kwa kina sana, itakuwa hafifu kidogo, lakini itakuwa sawa kila mahali.

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa, haina nyuzi za kuonyesha. Ipake rangi ya kawaida, usipoteze steni.

Jambo moja ni la mbao zote: ukavu. Sayprasi nyingi hushuka kutoka bara ikiwa bado mbichi. Katika hewa ya Mombasa mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi, na mlango uliofungiwa vanishi kabla ya kufika hapo utapinda, au viungo vitafunguka ukishafungwa. Huna kipimo? Weka mlango mmoja kwenye mizani ya jikoni, andika uzito, rudia kila baada ya siku tatu. Uzito ukikaa pale pale mara mbili mfululizo, anza kazi. Milango ihifadhiwe ndani, imelazwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote mbili.

Steni: inayoingia na inayokaa juu

Kuna aina tatu zinazopatikana kwa urahisi, na tofauti zake ni kubwa kuliko rangi zilizochorwa kwenye kadi ya duka.

Steni ya mafuta ni chembe za rangi zilizo ndani ya mafuta mepesi. Inampa mtu muda: unapaka kwa kitambaa, unasubiri dakika 5 hadi 10, unafuta yote iliyobaki juu. Neno "yote" lina uzito. Steni iliyoachwa nene haikauki vizuri, inabaki inanata, na vanishi ya juu yake hubanduka. Milango ikiwa mingi, usipake yote kwa mpigo kisha ukaanza kufuta. Paka mmoja, futa, uende wa pili. Kwa mtu wa nyumbani hii ndiyo inayosamehe makosa.

Steni ya spirit, ile ambayo mafundi wengi huchanganya wenyewe kutoka unga wa rangi, inakauka kwa dakika na hupenya vizuri. Rangi yake ni angavu, nyuzi zinaonekana. Lakini kwa kuwa inakauka upesi, kila mahali kitambaa kilipopita mara mbili panabaki mstari. Pia hupauka kwa jua: mlango unaotazama dirisha la mashariki utakuwa na rangi nyingine baada ya mwaka mmoja au miwili. Ukiipaka laka ya NC kwa brashi, thina iliyo ndani ya laka inaiyeyusha tena na brashi inaikokota. Steni hii ni ya kunyunyizia, mkononi mwa mzoefu.

Aina ya tatu ni vanishi yenye rangi ndani yake, kopo moja linalofanya kazi mbili. Wanunuzi huipenda kwa sababu inaokoa siku nzima, na hatuilaumu kwa mbao za ukutani au fremu ya kitanda. Kwa milango ya jikoni tunaikataa. Rangi yote iko juu, ndani ya ngozi ya vanishi. Ukucha, sufuria au funguo zikikwaruza, mbao nyeupe inatokea papo hapo. Tena kila tabaka huongeza weusi, na mahali brashi ilipopishana pana mstari usiofutika.

Aina yoyote utakayochagua, jaribu kwenye kipande cha mbao ile ile kilichopigwa msasa kama milango, na ukimalize hadi tabaka la mwisho la vanishi. Steni iliyokauka huonekana imefifia kama vumbi. Rangi ya kweli hutokea ikishalowa vanishi.

Vanishi ya mafuta na laka ya NC

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu fundi atakuambia laka na duka litakuambia vanishi.

Laka ya NC hukauka kwa thina kuruka tu. Baada ya dakika 15 unaweza kuigusa, baada ya saa moja unapiga msasa, na jioni milango 12 imekwisha. Vumbi halipati muda wa kutua. Uso wake ni laini ajabu, na ukiukwaruza, tabaka jipya huyeyusha la zamani na kuungana nalo, kwa hiyo kurekebisha ni rahisi. Hizo ni sifa za kweli, na ndiyo maana karakana nyingi za fanicha huitumia.

Shida yake Mombasa ina jina: weupe. Thina inaporuka kwa kasi, inachukua joto la uso wa mlango. Uso unapoa, na hewa iliyojaa unyevu inaacha umande juu ya laka ambayo bado ni laini. Maji hayo hunaswa ndani, na mlango unapata ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Mafundi wa Pwani wanaujua vizuri. Wanazuia kwa kunyunyiza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, unyevu unapopungua, na kwa kuongeza ritada, yaani thina nzito inayoruka polepole, asilimia 5 hadi 10 ya mchanganyiko. Weupe ukiwa umekwisha kutokea, mara nyingi huondoka kwa kunyunyizia ukungu mwembamba wa thina yenye ritada na kuacha ikauke taratibu. Kuongeza laka juu ya weupe ni kuufungia humo humo.

Udhaifu wa pili hauonekani siku ya kwanza. Laka ya NC ni ngumu mkononi lakini haipendi maji yanayokaa, joto, wala mafuta ya ngozi. Angalia jikoni palipotumika miaka michache: pembeni mwa vishikio, pale vidole vinapogusa kila siku, laka imelainika na kushika uchafu. Manjano ya biriani nayo huingia na kubaki.

Vanishi ya poliurethani ya mafuta hufanya kazi kwa njia nyingine. Tapentaini inaporuka, kilichobaki huchukua oksijeni ya hewa na kujifunga kikawa ngozi isiyoyeyuka tena. Ngozi hiyo hustahimili maji, siki, mafuta ya moto na sabuni ya vyombo kuliko laka. Kasoro yake ni upole. Kopo linasema saa 6 hadi 8. Kwa hewa ya hapa hesabu saa 24 kati ya tabaka na tabaka, na wakati wa masika hata 36. Katika muda huo vumbi na wadudu wana nafasi ya kutua. Pia ina umanjano wa asali unaoongezeka kwa miaka. Kwa mvule na mkangazi ni urembo. Kwa paini uliyotaka ibaki nyeupe ni hasara.

Kwa brashi, vanishi inatulia na kujisawazisha yenyewe. Laka kwa brashi haina muda huo. Kwa sababu hiyo peke yake, asiye na kompresa ameshachaguliwa vanishi.

Kuna kosa moja linalounganisha pande hizi mbili nalo huleta hasara nyingi: kupaka sanding sila ya NC (tabaka la kuziba vinyweleo kabla ya laka) chini, kisha poliurethani juu. Sila ina unga wa sabuni unaoifanya ipigike msasa kwa urahisi, na poliurethani haishiki vizuri juu yake. Miezi ya kwanza hakuna anayejua. Baadaye inachunika vipande vipande, kuanzia karibu na jiko. Sila ni ya laka. Tabaka la chini la vanishi ni vanishi yenyewe iliyopunguzwa.

Utasikia pia habari za vanishi ya sehemu mbili, inayochanganywa na kigumishi. Ndiyo imara kuliko zote zilizotajwa hapa, lakini kigumishi chake kina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zikivutwa huharibu mapafu na kuleta pumu. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote. Iachie karakana yenye vifaa vya kupumulia.

Vanishi ya maji

Haina harufu kali, haishiki moto, brashi inaoshwa kwa maji, na haigeuki manjano. Nzuri za siku hizi zinakaribia poliurethani ya mafuta kwa ugumu. Mpangaji wa ghorofa asiye na ua, mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu ndani, achague hii bila kusita.

Ila ijue tabia yake. Maji hunyanyua nyuzi, na tabaka la kwanza hukauka likiwa na ukali kama ndevu za siku mbili. Wahi mapema: futa mlango kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke, piga msasa 220, ndipo uanze. Tumia brashi ya nyuzi za plastiki, maana nywele za mnyama hunyonya maji na kulegea. Usitumie kamwe pamba ya chuma kati ya matabaka. Chembe zake hubaki na kuota kutu ndani ya vanishi, na kwenye hewa ya chumvi hilo halichukui wiki. Kama steni ya chini ni ya mafuta, ipe siku 3 kamili, la sivyo vanishi ya maji itajikusanya vitone na kukimbia uso. Na ingawa kopo linasema saa 2, siku ya mvua maji hayana pa kuruka. Tabaka nene litabaki na rangi ya maziwa. Paka jembamba, uongeze idadi: matabaka 4 badala ya 3.

Mafuta ya kitani

Pwani si mgeni wa mbao za mafuta. Majahazi yalipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, tangu zamani. Mafuta ya kitani kwenye mvule hutoa rangi ambayo hakuna kopo jingine litakupa, na kupaka ni kazi ya kitambaa tu. Lakini hayajengi ngozi. Maji hupita, mvuke hupita, na mafuta mabichi ya kitani katika unyevu wetu huota ukungu mweusi. Ukiyataka, nunua yaliyochemshwa, ambayo yana vikaushio, paka matabaka 3 membamba kwa siku 3 au 4, ufute kila mara, kisha urudie milango ya karibu na sinki na jiko kila miezi 6 hadi 12.

Matambara ya mafuta ya kitani huweza kuwaka yenyewe. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye pipa hulihifadhi joto hilo hadi linashika moto, bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke kabisa, au yatumbukize kwenye kopo la maji. Matambara ya steni na vanishi ya mafuta yapewe hadhari hiyo hiyo.

Kiasi cha kununua

Chukua jiko la milango 12 ya sentimita 40 kwa 70. Uso mmoja ni mita za mraba 0.28, pande mbili na kingo zake unakaribia 0.6, milango yote ni kama mita za mraba 7.25.

Kwa steni na vanishi ya mafuta: lita 1 ya steni, lita 2 za vanishi kwa matabaka matatu, na lita 1 ya tapentaini. Kwa vanishi ya maji ongeza nusu lita. Kwa laka hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu karibu nusu ya kinachotoka kwenye bunduki huishia hewani: kopo la lita 4 la sila, la lita 4 la laka, na thina lita 8 hadi 10 pamoja na ya kuoshea. Unapolinganisha bei dukani, usilinganishe kopo kwa kopo. Linganisha jumla, na uongeze ujira wa fundi kwenye upande wa laka.

Msasa: namba 120, 180, 240 na 320, karatasi 4 za kila moja, na 220 kwa sayprasi, paini au vanishi ya maji.

Kazi yenyewe, kwa steni na vanishi ya mafuta

Miezi ya Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa adimu, ndiyo bora. Aprili na Mei usianze kama unaweza kungoja.

Toa bawaba na vishikio, na uandike namba ya kila mlango ndani ya tundu la bawaba, lile la milimita 35, halafu uzibe namba kwa kipande cha teipu. Piga msasa 120 kufuata nyuzi, kisha 180, uishie hapo. Ukienda 240 uso unafunga na steni haiingii. Vichwa vya ubao peke yake ndivyo vya kupandisha hadi 240, ili visinyonye na kuwa vyeusi kuliko uso. Piga taa kwa ubavuni: mkwaruzo wa msasa unaovuka nyuzi hauonekani sasa, lakini steni itauchora waziwazi.

Kama paneli ya katikati bado haijagundishwa, itie steni kabla fundi hajafunga fremu. Paneli hunywea na kutanuka ndani ya mfereji wake, na kaskazi ikiikausha, mstari mweupe usio na steni hutokea pembeni.

Baada ya steni ngoja saa 24, masika 48. Sugua kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, ngoja tena. Koroga vanishi kwa kijiti, usitikise kopo, maana mapovu hayatoki. Tabaka la kwanza ni sehemu 3 za vanishi kwa 1 ya tapentaini, na kwenye vichwa vya ubao paka mara mbili, dakika 15 zikipita kati yake. Tabaka la pili na la tatu bila kupunguza, ukipitisha msasa 320 kabla ya kila moja na kufuta vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Ukitaka mwisho usiong'aa, tumia glosi (vanishi inayong'aa) kwa matabaka mawili na mati (isiyong'aa) kwa la mwisho tu. Unga wa mati ukirundikana tabaka juu ya tabaka hufifisha nyuzi.

Pande zote mbili zipate idadi sawa ya matabaka. Mlango uliofungwa mbele tu hunywa unyevu kwa nyuma, upande mmoja unatanuka, na mlango unapiga tao. Laza kila mmoja juu ya misumari minne iliyopenya kibaoni, upake nyuma kwanza kisha mbele. Vidoa vya misumari vitabaki upande usioonekana. Ukiwa karibu na bahari na kazi ikisimama siku kadhaa, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji matamu na ukaushe kabla ya tabaka linalofuata.

Usielekeze feni kwenye mlango. Juu panajifunga ngozi kabla ya chini kukauka, na mikunjo inatokea. Feni iwe chumba cha pili, ivute hewa tu.

Baada ya tabaka la mwisho ngoja siku 3, ufunge milango kwa skrubu za shaba au chuma kisichoota kutu, kwa sababu chuma cha kawaida huacha madoa meusi kwenye mkangazi na mvule. Vanishi hukomaa kwa wiki 3 hadi 4. Katika muda huo futa kwa kitambaa chenye maji pekee, usibandike stika, na usitundike taulo bichi juu ya mlango wa sinki.